Katanga: Shaba Yatoka, Unga Waingia



Mtu asimamaye kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Morogoro huona kila siku malori marefu yaliyobeba mabamba mekundu yaliyofungwa kwa mikanda ya chuma. Mabamba hayo ni shaba. Sehemu kubwa yake imesafiri karibu kilomita 2,000, ikipita Kasumbalesa, ikakatiza Zambia, ikaingia nchini kwa mlango wa Tunduma, ikielekea bandarini. Mwanafunzi huyaona malori hayo, na mwalimu wake huyaona. Lakini mwanafunzi akiuliza nchi yatokayo ikoje, na watu wake wakoje, mara nyingi hujibiwa kwa neno moja tu: "Kongo". Jibu hilo si la uwongo, ila ni sawa na kumweleza mtu kwamba kahawa ya Bukoba inatoka Afrika.

Nchi hiyo ni Katanga. Ilipokuwa jimbo moja, eneo lake lilikaribia kilomita za mraba 497,000, yaani zaidi ya nusu ya Tanzania nzima, na kama mara 16 ya Ubelgiji iliyoitawala. Kuanzia mwaka 1971 Rais Mobutu aliliita Shaba. Na huenda hakuna jimbo jingine katika bara hili lililopata kuitwa kwa neno la Kiswahili la bidhaa inayochimbwa humo. Jina la Katanga lilirudi mwaka 1997. Mwaka 2015 jimbo liligawanywa mara nne: Katanga ya Juu, ambayo makao yake ni Lubumbashi, Lualaba, makao yake Kolwezi, Lomami ya Juu, makao yake Kamina, na Tanganyika, makao yake Kalemie. Katika katiba, basi, Katanga moja haipo tena. Katika vinywa vya watu ingalipo, na mtu wa Kolwezi akiulizwa kwao hujibu Katanga bila kusita.

Kwa umbile, Katanga ni uwanda wa juu ulioinama kuelekea kaskazini. Lubumbashi imekaa kwenye mwinuko wa kama mita 1,200, na baridi ya asubuhi za Juni na Julai humshangaza mgeni aliyedhani Kongo yote ni msitu wa mvua na joto la jasho. Msitu wa mvua hauko huku. Huku ni miombo, miti ile ile aijuayo mtu wa Tabora na Mpanda, yenye mvua kuanzia Novemba hadi Aprili na ukavu miezi iliyobaki. Mashariki yapo milima ya Marungu, ambayo vilele vyake vinapita mita 2,000, kisha nchi inashuka ghafla hadi Ziwa Tanganyika. Kusini ya hapo liko Ziwa Mweru, mpakani na Zambia. Kwenye uwanda wa Kundelungu mto Lofoi huanguka zaidi ya mita 300 kwa mruko mmoja. Katikati ya jimbo ardhi imezama na kufanya bonde la Upemba, lenye maziwa madogo na mabwawa ya mafunjo, ambamo mto Lualaba hupita polepole. Lualaba huo ndio mwanzo wa mto Kongo wenyewe.

Kusini, kutoka Kolwezi kupita Likasi hadi kusini ya Lubumbashi, kwa urefu wa kilomita zaidi ya 300, umelala mkanda wa miamba yenye shaba na kobalti. Vilima vya shaba vilijulikana kwa macho kabla ya kujulikana kwa vyombo: udongo wake huwa na sumu kwa miti mingi, hivyo kilima hubaki kipara katikati ya msitu, kikiota nyasi na maua machache tu yaliyozoea madini hayo. Wazee walisoma mlima kwa mimea yake. Wataalamu wa Kizungu walipofika miaka ya 1890 wakaandika kwamba "wamegundua" machimbo, waliyakuta mashimo yamekwisha chimbwa, na aghalabu walipelekwa huko na wenyeji.

Jambo hili lastahili kukaziwa, kwa kuwa bado kuna vitabu vinavyoianza historia ya Katanga kwa kufika kwa reli. Pale Sanga, kando ya Ziwa Kisale katika bonde la Upemba, wachimbuzi wa mambo ya kale walifukua kuanzia mwaka 1957 makaburi ya watu walioishi zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Walikuta vyungu vya ufundi wa hali ya juu, mapambo ya shaba, na misalaba midogo ya shaba iliyotumika kama fedha. Misalaba hiyo iliendelea kusubuliwa kwa karne nyingi. Wayeyushaji walifanya kazi wakati wa kiangazi, wakitumia jiwe la kijani, makaa, mivukuto, na tanuru za udongo wa kichuguu. Katika nchi hiyo hiyo ulikua ufalme wa Waluba, uliokuwa na chama cha watunza historia kiitwacho Mbudye. Wao waliisoma tarehe ya nchi kwa kugusa shanga zilizopangwa juu ya ubao uitwao lukasa. Magharibi walitawala Walunda chini ya Mwata Yamvo, na mamlaka ya wana wa Walunda yakafika hadi kwa Kazembe wa Luapula.

Hapa ndipo Tanzania inapoingia katika habari hii kwa mlango wa mbele. Katikati ya karne ya 19 Mnyamwezi mmoja, mwana wa mfanyabiashara Kalasa aliyekuwa akisafiri kufuata shaba, alihamia huko na watu wake. Jina lake lilikuwa Ngelengwa. Historia inamjua kama Msiri. Kwa bunduki, kwa biashara ya pembe, shaba na watumwa, na kwa kuoa katika koo nyingi, alijenga dola ambayo mji wake mkuu ulikuwa Bunkeya. Watu wake waliitwa Wayeke, na lugha yao ni ndugu wa karibu wa Kisumbwa na Kinyamwezi. Msiri hakuwa malaika. Wasanga na wengineo aliowatoza kodi walimwasi mwishoni, na si haki kumpamba kwa sababu tu asili yake ni Unyamwezi. Lakini alipotakiwa na wajumbe wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji apandishe bendera yao, alikataa. Tarehe 20 Desemba 1891 alipigwa risasi akafa nyumbani kwake, na ofisa wa Kibelgiji aliyempiga akauawa papo hapo. Msafara ule uliongozwa na ofisa wa jeshi la Uingereza mzaliwa wa Kanada, aliyeajiriwa na Leopold, na askari na wapagazi wake wengi walikuwa wameandikwa Zanzibar na pwani. Nchi ilichukuliwa siku hiyo, nayo ilichukuliwa kwa mikono ya watu wa huku.

Kampuni ya Union Minière iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka Rhodesia ilifika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na mwaka uliofuata shaba ya kwanza ya kiwandani ikayeyushwa. Ni muhimu kuitazama ramani ya reli hizo. Moja ilikwenda kusini. Nyingine ilikwenda magharibi, hadi Lobito katika Angola. Ya tatu ilishirikiana na meli za ziwani kupitia Kalemie na Kigoma hadi Dar es Salaam, ambako Wabelgiji walipewa sehemu yao ya bandari kwa mkataba wa mwaka 1921. Njia zote hizo zilikuwa za kutoa mzigo nje. Njia ya kuunganisha kijiji cha mkulima na soko la mjini haikuwamo katika mipango hiyo, na hata leo ni rahisi kupeleka tani ya shaba ng'ambo kuliko kupeleka gunia la mahindi kutoka Kaniama hadi Lubumbashi.

Watu wa kuchimba walitafutwa mbali: Rhodesia ya Kaskazini, Rwanda na Burundi, na hasa Kasai. Kuanzia miaka ya 1920 kampuni iliona ni nafuu kuwaweka wafanyakazi pamoja na wake zao kuliko kubadilisha watu kila mara. Ikajenga makambi yenye nyumba, zahanati na shule, ikapima chakula cha kila mtu, na kuingilia hata malezi ya watoto. Wapo wanaoukumbuka utaratibu huo kwa hamu, kwa sababu yaliyofuata yalikuwa mabaya zaidi. Lakini yafaa ikumbukwe pia Desemba 1941. Wafanyakazi waliogoma kudai nyongeza ya mshahara wakati wa vita walikusanyika katika uwanja wa mpira wa Elisabethville, na askari wakawafyatulia risasi. Makumi walikufa. Wakati huo huo machimbo ya Shinkolobwe yalikuwa yametoa urani iliyopelekwa Marekani, ikatumika katika bomu la Hiroshima la mwaka 1945. Mchimbaji wa Shinkolobwe hakuambiwa alichokuwa akichimba.

Uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960, Katanga ilikuwa ikitoa karibu tani 300,000 za shaba kwa mwaka, na karibu nusu ya mapato ya serikali ya Kongo nzima yalitoka humo. Siku 11 baadaye Moïse Tshombe alitangaza kujitenga. Bendera yake ilikuwa na misalaba mitatu ya shaba, ile ile ya kale. Askari wake waliongozwa na maofisa wa Kibelgiji na mamluki, na kodi ya Union Minière ikaingia katika hazina yake badala ya hazina ya Léopoldville. Waluba wa kaskazini waliompinga walichomewa vijiji. Tarehe 17 Januari 1961 Patrice Lumumba aliletwa Elisabethville kwa ndege pamoja na wenzake Mpolo na Okito, na usiku huo wote watatu wakauawa msituni mbele ya mawaziri wa Katanga na maofisa wa Kibelgiji. Kilichorudi kwa jamaa yake ni jino moja, lililokabidhiwa na Ubelgiji mwaka 2022. Kujitenga kulizimwa na majeshi ya Umoja wa Mataifa Januari 1963.

Njama ile imelaaniwa, na ilistahili. Hata hivyo mtumishi wa umma asimezwe na laana hiyo akaacha kuuliza swali lililokuwa chini yake: mali ya jimbo ni ya nani, na igawanywe vipi? Swali hilo Tshombe alilitumia vibaya, lakini hakulibuni. Mobutu aliitaifisha Union Minière tarehe 1 Januari 1967, na shirika lililoirithi likaja kujulikana kama Gécamines. Kwa miaka kadhaa lilionekana kama ushindi. Mwaka 1986 lilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba. Lakini fedha zilikwenda mjini Kinshasa bila kurudi, mitambo haikutengenezwa, na Septemba 1990 mgodi wa chini kwa chini wa Kamoto ukaporomoka. Kufikia mwaka 2003 shirika halikutoa hata tani 20,000. Kati ya mwaka huo na uliofuata zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondolewa kwa malipo ya mkupuo mmoja, wengi wakiwa wanadai mishahara ya miaka. Mali iliyotaifishwa bila hesabu kuwa wazi kwa wananchi ilibadilisha bwana tu.

Mfano mwingine wa mali iliyopita juu ya vichwa vya watu ni waya wa umeme kutoka Inga, karibu na bahari, hadi Kolwezi, wenye urefu wa kama kilomita 1,700, uliokamilika mwaka 1982. Ulivuka nchi nzima ukapita juu ya vijiji visivyopata taa hata moja kutoka kwake. Sababu yake ilielezwa kuwa ni ya kiuchumi. Wengi waliona kwamba sababu nyingine ni kuiweka swichi ya Katanga mkononi mwa Kinshasa, hasa kwa kuwa jimbo lilikwisha kuvamiwa mara mbili kutoka Angola, mwaka 1977 na 1978.

Njaa ya kazi ilipozidi, wanasiasa walitafuta wa kulaumiwa. Miaka ya 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai, wengi wao wakiwa wamezaliwa Likasi na Kolwezi na hawajapata kuiona Kasai, walifukuzwa kwa mamia ya maelfu. Walilala katika vituo vya reli kwa wiki nyingi wakingoja magari moshi, na wengi walifia humo. Kati yao walikuwa walimu na mafundi, na shule za jimbo zilikaa miaka kabla ya kuliziba pengo hilo.

Leo mambo ya uchimbaji yamegeuka tena. Makampuni ya nje, hasa ya Kichina, yameingia, na mgodi wa Kamoa-Kakula karibu na Kolwezi, ulioanza kutoa shaba mwaka 2021, umekuwa miongoni mwa migodi mikubwa ya shaba duniani. Kongo sasa hutoa zaidi ya tani milioni tatu za shaba kwa mwaka, karibu yote kutoka Katanga ya Juu na Lualaba, na kama asilimia 70 ya kobalti yote inayochimbwa ulimwenguni. Kobalti ndiyo inayotiwa katika betri za simu na magari ya umeme. Bei iliposhuka mno, serikali ilisimamisha kuiuza nje Februari 2025, na Oktoba mwaka huo ikaanza kugawa viwango. Kando ya migodi mikubwa wapo wachimbaji wadogo, makumi kwa makumi ya maelfu, wanaoshuka na sululu na kamba katika mashimo yasiyo na nguzo. Watoto wameonekana humo wakiosha na kuchagua mawe, na kila mvua kubwa huleta habari ya shimo lililofukia watu.

Kwa watumishi wa umma, sehemu yenye mafunzo zaidi ni ile ya sheria. Sheria ya madini ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, inaigawa mirabaha hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa tarafa au mji ulio na mgodi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Kabla ya hapo katiba ya mwaka 2006 ilisema majimbo yabaki na asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayopatikana kwao, jambo ambalo Lubumbashi ililalamikia miaka yote kwamba halikutekelezwa. Kulipwa tarafa moja kwa moja ndiko kupya hasa. Pesa zinaweza kufika karibu na shimo zilikotoka. Lakini karani wa tarafa ambaye hakuwahi kushika bajeti ya zaidi ya mishahara ya watu kumi, ghafla anapokea fedha za kujenga shule na barabara, na hana mhasibu wala mkaguzi. Kuandika sheria huchukua mwaka. Kumfundisha karani yule huchukua zaidi.

Ingekuwa dhuluma kuizungumza Katanga kana kwamba ni machimbo tu. Katika makambi yale, ambamo Mluba, Mbemba, Mlunda na Mnyarwanda walikutana, Kiswahili kilikuwa ndicho lugha ya kazi, na kikawa lugha ya mama kwa watoto wao. Ni Kiswahili chenye njia zake: watu husema "batu" na "bantu" pale Mzanzibari asemapo watu, ugali ni bukari, kisamvu ni sombe, na Kifaransa kimeingia ndani kama Kiingereza kilivyoingia kwetu. Kufanya kazi, huko, ni "kutumika". Mwalimu wa Kiswahili atasema wamekosea. Mzee aliyefanya kazi miaka 30 chini ya kampuni ataona neno limekaa mahali pake. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa katika Kongo, na katika shule za huko hutumika kuanzishia watoto masomo. Hata hivyo ni mara chache vitabu vinavyoandikwa Dar es Salaam au Nairobi humfikiria mtoto wa Likasi.

Kwa lugha hiyo Jean-Bosco Mwenda, wa ukoo wa Bunkeya, alipiga gitaa lililorekodiwa Likasi mwaka 1952, na mafundi wa gitaa wa Nairobi wakajifunza kwake. Kwa lugha hiyo watumishi wa nyumbani wa zamani waliandika mwaka 1965 historia ya mji wao wa Elisabethville kama walivyouona wakiwa jikoni na mezani kwa Wazungu. Maandishi adimu sana katika Afrika. Na Tshibumba Kanda Matulu, kati ya mwaka 1973 na 1974, aliichora historia ya nchi yake katika picha 100 hivi, kutoka wafalme wa kale hadi Mobutu, nyingi zikiwa juu ya vitambaa vya magunia ya unga. Vijana wa Tanzania wanaifahamu Lubumbashi kwa njia nyingine: TP Mazembe, mabingwa wa Afrika mara tano, ambamo Mbwana Samatta na Thomas Ulimwengu walicheza na kutwaa kombe la mwaka 2015.

Magunia yale ya unga yanarudisha habari mahali ilipoanzia. Katanga ina ardhi ya kulima, ina mvua ya miezi sita, ina samaki wa Mweru na Upemba. Lakini tangu enzi za makambi mji umelishwa kwa mahindi ya kununua, mengi yakiwa ya Zambia. Zambia ikipata ukame, kama ulivyokuwa mwaka 2024, bei ya bukari hupanda Lubumbashi kabla hata serikali haijatoa tamko. Mwalimu wa shule ya msingi anayelipwa kwa faranga huijua hali ya mvua ya Lusaka kwa kutazama bei ya debe. Na hapo Kasumbalesa, mpakani, malori yamepanga foleni za kilomita nyingi, mengine kwa siku kadhaa. Yanayoelekea kusini yamebeba shaba. Kati ya yanayoelekea kaskazini yamo yenye tindikali na dizeli za migodi, na katikati yake, yakingoja zamu kama mengine, yamo yaliyobeba unga.